Mapengo ya Mama Mistari

Mkaguzi wa kampuni ya mbegu alifika saa nne asubuhi, akaegesha pikipiki karibu na mlango, na kabla hajavua kofia ngumu akaomba maji ya kunywa. Mama Mistari akajua hapo hapo kwamba habari si nzuri. Mkaguzi mwenye habari njema huomba chai, tena huulizia na kitafunio.

Barua aliyoileta ilikuwa nusu ukurasa. Ilisema mzigo namba 0417, magunia arobaini na mawili, umepimwa vinasaba na usafi wa uzao wake haukufika kiwango. Kampuni haitaununua kama mbegu, na mkataba wa msimu ujao umesitishwa. Mkulima ana siku saba za kutoa maelezo. Kasoro ni ipi hasa, barua haikusema. Mwandishi wa barua za namna hiyo hulipwa ili asiseme.

Mama Mistari aliisoma mara mbili, akampa mumewe. Mumewe, fundi baiskeli, aliishika kwa ncha za vidole asiitie grisi, akaisoma kwa kusogeza midomo. Misimu minne walikuwa wameishi kwa mkataba ule. Uliwajengea vyumba viwili vya mbele na kimoja cha uani, ukamsomesha binti yao mpaka akaajiriwa katika maabara ya kampuni hiyo hiyo. Shamba lao lilikuwa dogo. Kwa mahindi ya kuuza gulioni lisingewafikisha hata nusu ya mwaka. Bila mkataba walikuwa wamekwisha, na wote wawili walilijua hilo bila kuambizana.

“Mara nyingi huwa ni mbelewele,” mkaguzi alisema, akiangalia kofia yake magotini. “Mtu anaruka mche mmoja hapa, mwingine pale. Nani alikuwa ananyofoa kwenu?”

Macho yote yaligeukia mlangoni. Wifi yake Mama Mistari alikuwa amesimama pale na glasi ya maji aliyotumwa kuleta.

Kulima mbegu si kulima mahindi ya kula. Shambani hupandwa koo mbili, mistari minne ya mama, miwili ya baba, halafu minne tena ya mama. Mahindi ya mama yakikaribia kuchanua, lile ua la juu, mbelewele, hunyofolewa lingali changa, kila mche, kila siku, ili mama asijichavushe mwenyewe bali apate chavua ya baba peke yake. Hapo ndipo punje zinakuwa chotara. Ukiacha mbelewele moja ikafunguka, upepo wa asubuhi moja tu unatosha kuharibu kazi ya miezi mitano.

Kazi hiyo ya kunyofoa ilikuwa ya wifi. Alikuwa dada wa fundi baiskeli, mjane, na chumba cha uani kilikuwa chake tangu miaka miwili nyuma alipokuja na begi moja kwa kukaa wiki mbili. Kwa siku kumi na nane aliingia shambani kabla umande haujakauka, akapita kila mstari mara tatu, mkono mmoja juu kama mwanafunzi anayeomba kujibu swali. Majani yalimchana mashavu mpaka akawa hapaki mafuta kwa kuogopa kuwashwa. Siku moja alirudi akamwambia wifi yake kwamba ndani ya mistari ya mama kuna mimea mingine haifanani na wenzake. Majani yake yamesimama wima na mbelewele zake zina wekundu. Aiache au aing'oe?

Mama Mistari alikuwa anapepeta maharage. Alimjibu kuwa yeye kazi yake ni kunyofoa, ukaguzi una mwenyewe. Wakacheka, maana wakati ule walikuwa bado wanacheka. Wifi akanyofoa na zile zenye wekundu, na jambo likaishia hapo.

Mkaguzi naye, ambaye ukaguzi ulikuwa wake kweli, alikuja mara tatu msimu ule. Mara zote tatu alisimama mwisho wa shamba na pikipiki inanguruma, akasifu unyoofu wa mistari, akajaza fomu juu ya tangi la petroli. Ndani hakuingia. Kulikuwa na tope.

*

Jioni ile Mama Mistari alisema yote. Alikuwa mwanamke msafi, mchapakazi, asiyependa uvivu wala kitu kilichopinda, na jina la Mama Mistari alilipata kwa sababu alipanda kwa kamba na rula hata mchicha. Mtu wa namna hiyo akipatwa na aibu hutafuta kwanza ni nani aliyeleta uchafu ndani.

Alimwambia wifi yake kwamba alijua tu, siku ile alipolalamika bega linauma alijua kuna mistari imerukwa. Akamwambia amemweka miaka miwili bila kumwuliza anaondoka lini. Kitanda anacholalia ni cha nani? Godoro? Hata hiyo simu ya kitochi anayotembea nayo, alinunuliwa na nani? Hapo alipo hana kitu kinachoweza kuitwa chake isipokuwa hilo begi.

Wifi alikuwa anaosha vyombo. Aliendelea kuviosha. Alisema mara moja tu kwamba hakuruka mche, na sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu anayeulizia choo ugenini. Kaka yake alikuwa barazani ananyoosha ringi iliyopinda. Aliizungusha, akasikiliza inapogusa, akaikaza, akaizungusha tena. Ringi ilikuwa imenyooka zamani, ila aliogopa kuiweka chini, asije akaulizwa anasemaje.

Binti yao aliyasikia yote akiwa chumbani. Alikuwa ameshaiona ile barua, na namba 0417 alikuwa ameitambua.

*

Katika maabara walimwita Mpimaji, ingawa wapimaji walikuwa watatu. Yeye ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi. Mizigo ya mbegu iliingia kwa namba tu, bila jina la mkulima, ili asiwepo wa kupendelewa. Alichukua punje kutoka kila mzigo, akaziotesha kwenye trei, na majani yalipofika urefu wa kidole alikata kipande cha duara kutoka kila mche, akakisaga, akavitoa vinasaba, akaviingiza katika mashine inayopasha na kupoza mpaka alama zinazotafutwa ziwe nyingi za kuonekana. Mwisho alizitembeza kwenye jeli, akazima taa, akawasha mwanga wa zambarau, na koo za mahindi zikajitaja zenyewe.

Kuzisoma hakukuhitaji elimu kubwa. Alama ya mama ilikaa juu, ya baba ilikaa chini. Mche chotara ulikuwa na zote mbili. Mche wenye ya juu peke yake ulimaanisha mama alijichavusha, yaani mbelewele ilisahauliwa. Kasoro hiyo ndiyo waliyoizoea, waliiona kila wiki.

Asubuhi ile alitafuta picha ya 0417 kwenye kompyuta, ingawa aliikumbuka bila kuitafuta. Aliipima mwenyewe wiki mbili nyuma, na alimwita hata mwenzake wa meza ya pili aje aone kituko. Miche tisini na minne. Chotara themanini na miwili. Mama peke yake, hakuna hata mmoja. Baba peke yake, kumi na miwili.

Siku ile walicheka. Mwenzake alisema huyu mkulima ana mababa wanaozaa wenyewe. Sasa Mpimaji aliitazama ile picha mpaka macho yakamwuma. Baba peke yake hawezi kuzaliwa kwenye mstari wa mama hata mbelewele zikiachwa zote. Ili apatikane ni lazima mtu apande mbegu ya baba katika mstari wa mama, kwa mkono wake, shimo kwa shimo.

Na hapo akamwona mama yake akilini, wiki ya pili baada ya kupanda, kunguru walipofukua mbegu na kuacha mapengo. Alimwona ameinama na kijiti cha kutobolea, anaziba. Mbegu za mama, zile zilizopakwa dawa ya kijani, zilikuwa zimekwisha. Zilikuwa zimebaki nyekundu, za baba, robo mfuko. Mama Mistari angewezaje kulala na mapengo shambani? Zote zilitoka kampuni moja, zililetwa na gari moja. Mkataba ulikataza kuziba mapengo, ukurasa wa tatu, kwa herufi ndogo. Lakini mtu aliyelima tangu utotoni haambiwi na ukurasa wa tatu jinsi ya kuacha pengo.

Mpimaji alifunga ile picha. Akanawa mikono, ingawa alikuwa hajashika kitu, akaendelea na kazi. Siku nzima alijipanga jinsi atakavyosema nyumbani. Alipata sentensi nzuri tatu, zote za upole.

*

Alipofika, mkaguzi alikuwa sebuleni tena, na safari hii alikuwa amepewa chai. Mezani palikuwa na karatasi iliyochapwa.

Mkaguzi alikuwa amepata njia. Kampuni, alieleza, haina ugomvi na mkulima mwema aliyeangushwa na mtu. Mkulima akiandika kwamba kosa ni la kibarua, kwamba kibarua amekiri na ameshafukuzwa, mara nyingi mkataba hurudi, kwa msimu mmoja wa majaribio. Yeye mwenyewe ataipeleka barua na kuitilia neno. Hakusema kwamba barua hiyo ingemwokoa na yeye, maana fomu tatu zilizojazwa juu ya tangi la petroli zilikuwa na sahihi yake. Lakini mtu asiye na jambo hachapi barua ya mwenzake kwa gharama yake.

Wifi alipewa karatasi asaini. Alijua kusoma, tena vizuri, na aliisoma yote bila haraka huku wakimsubiri.

“Hapa mmeniandika kibarua,” alisema.

“Ndivyo kampuni wanavyotaka,” mkaguzi alijibu. “Ni lugha ya ofisi tu.”

“Na hapa, nimefukuzwa.”

Mama Mistari aliangalia dirishani. Alisema ni kwa muda, mpaka wapite watu wa kampuni kuhakiki, halafu wataona. Fundi baiskeli alikuwa amekaa pembeni, mikono imelala mapajani kama vifaa vya mtu mwingine. Dada yake alimtazama akingoja. Akakohoa, akasema, “Dada, ni kwa ajili ya nyumba.”

Wifi akageuka, akamwona Mpimaji amesimama mlangoni na mkoba begani.

“Mwanangu,” alimwambia, “wewe ndiye mwenye hiyo mashine. Imesema ni mimi?”

Chumba kizima kilimgeukia binti. Mama yake alimtazama kwa jicho alilomtazama nalo siku ya matokeo ya mtihani, jicho la mtu aliyeweka kila alichonacho mahali pamoja. Binti alizitafuta zile sentensi tatu za upole. Hakuona hata moja. Aliona mkataba, aliona paa, aliona jinsi mama yake atakavyotembea njiani watu wakijua kwamba Mama Mistari ndiye aliyeharibu mistari. Aliogopa, na woga ulimjia haraka kuliko ukweli.

“Sijui, shangazi,” alisema. “Sisi tunaona namba tu.”

Shangazi yake alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei asiyoiweza. Akasaini.

Asubuhi aliondoka. Kaka yake alimfungia begi kwenye keria ya baiskeli, akamsindikiza mpaka barabara ya lami. Njiani alimwuliza anakwenda kwa nani, akajibiwa kuna mtu wanayefahamiana. Hakuuliza ni nani. Alimwambia atampigia simu mambo yakitulia, na dada yake akasema sawa. Kisha akapanda lori la mzigo, mbele, kati ya dereva na utingo, begi mapajani.

Chumba cha uani kilifungwa. Hakuna aliyeingia humo, na hakuna aliyesema kwa nini haingii.

*

Siku ya nne tangu wifi aondoke, barua ilifika maabara. Utaratibu ulikuwa kwamba maelezo ya mkulima yalinganishwe na kipimo kabla ya uamuzi, jambo ambalo mkaguzi ama hakulijua ama alitumaini hakuna mwenye muda wa kulitekeleza. Mkuu wa maabara alikuwa na muda. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni, aliyechukia uongo si kwa sababu ni dhambi bali kwa sababu unaharibu takwimu. Alimwita Mpimaji, akaweka barua na picha pamoja mezani.

“Huyu anasema kibarua aliacha mbelewele,” alisema. “Wewe ndiye uliyepima. Unaona nini?”

Mpimaji hakuihitaji picha. Alisema hakuna mche wa mama peke yake.

“Hata mmoja.” Mkuu alivaa miwani, akahesabu tena kwa ncha ya kalamu, akaanza kucheka. “Sifuri. Mimi mwenyewe nikiingia shambani nikanyofoa kwa mikono yangu, sifikishi sifuri. Huyu kibarua waliyemfukuza ndiye mtu tunayemtafuta mwaka wa tatu sasa, awafundishe wale wa shamba letu kuu. Mwulize mkaguzi jina lake. Kesho ana kazi.”

“Jina lake ninalijua,” Mpimaji alisema. “Ni shangazi yangu. Shamba ni la wazazi wangu.”

Mkuu aliacha kucheka. Alivua miwani ikaning'inia. Alimtazama binti yule kwa muda, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Mpimaji alitamani agombezwe.

“Uliijua lini maana ya hii picha?” mkuu aliuliza mwishowe.

“Kabla hajasaini.”

Mkuu alivuta fomu ya maoni upande wake, akasema binti asiandike chochote wala asitie sahihi, atapima upya mwenyewe na ataandika mwenyewe. Lakini alishajua atakachoandika, na Mpimaji alijua pia. Mbegu ya baba imepandwa katika mistari ya mama. Maelezo ya mkulima si kweli. Mkataba ufungwe. Fomu za ukaguzi zichunguzwe.

“Mtafute shangazi yako,” mkuu alisema wakati binti anatoka. “Hiyo kazi sikutania.”

*

Jua lilikuwa halijazama alipofika nyumbani. Mama yake alikuwa shambani, ameshaanza kuandaa ardhi ya msimu wa majaribio, kamba imefungwa kwenye vigingi. Mpimaji alimsubiri amalize mstari. Kisha akamwuliza yale mapengo ya kunguru aliyaziba kwa mbegu gani.

“Za kampuni,” mama alijibu. “Kwani za nani?”

“Mfuko upi, mama?”

“Uliobaki.”

“Wenye dawa ya rangi gani?”

Mama Mistari alitazama kamba yake, kigingi mpaka kigingi. Binti alimwambia yote, pale pale wamesimama kwenye udongo mpya. Alianza na zile alama mbili, ya juu na ya chini, akaeleza taratibu kama anavyowaeleza wanafunzi wanaotembelea maabara, akamalizia na mkataba. Alisema na la kwake pia, kwamba alijua tangu siku ile ya karatasi. Mama yake hakupiga kelele. Aliinama akaanza kuviringisha kamba, mzunguko baada ya mzunguko, akiukaza kila mmoja uwe sawa na mwenziwe.

“Aliniuliza,” alisema. “Ile yenye wekundu. Aliniuliza aiache au aing'oe.”

Walirudi ndani. Fundi baiskeli aliambiwa akiwa amesimama, akakaa. La mkataba hakuliuliza. Aliuliza ile kazi ya shamba kuu, kama ni ya kweli, na alipoambiwa ni ya kweli akapangusa mikono kwenye suruali, akatoa simu.

“Namwambia mimi,” alisema. “Mimi ndiye kaka yake. Namwambia arudi, namwomba radhi, na kazi anayo.”

Mkewe alisogea karibu yake. Alisema akimaliza ampe na yeye, ana neno lake la kumwambia wifi yake. Binti alisimama nyuma yao. Kwa siku nne nzima ndiyo ilikuwa mara ya kwanza wote watatu kutazamana usoni. Baba akalitafuta jina, akabonyeza, akaweka simu sikioni.

Ikaanza kuita. Wote waliisikia, si kwa sababu aliiweka sauti kubwa. Ilikuwa inaita upande wa uani, nyuma ya mlango uliofungwa, kutoka juu ya kitanda ambacho mwenyewe aliambiwa si chake. Simu za kitochi zinakaa na chaji wiki nzima.

Fundi baiskeli hakuikata. Aliendelea kuishika sikioni, na mkewe akaketi taratibu kwenye benchi, na ile ya uani ikaita mpaka ikanyamaza yenyewe.